Herufi Kubwa na Ndogo: Ukali wa Tarakilishi na Hekima ya Upatanisho

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza kuandika programu huuonja ukweli wa methali hii mapema. Huandika jina “Jumla” kwa herufi kubwa, kisha mistari michache baadaye akaandika “jumla” kwa herufi ndogo, na kazi yake yote ikakwama. Mwalimu wa insha angeizungushia herufi hiyo wino mwekundu na kuendelea kusoma. Tarakilishi haiendelei.

Sababu ni kwamba tarakilishi haijui herufi bali nambari. Katika mpangilio wa ASCII, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1960, A ni 65 na a ni 97. Kwa mashine, hivyo ni vitu viwili mbalimbali, kama vile A na Z. Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliufuata ukali huo, nazo Java na Python zikafanya vivyo hivyo. Hata hivyo, Pascal ya Niklaus Wirth, ya kipindi kicho hicho, huyahesabu “Jumla” na “jumla” kuwa jina moja. Kwa hivyo, ukali huu si sharti la maumbile ya mashine. Ni uamuzi wa binadamu.

Historia ya kurasa za wavuti yathibitisha hayo. HTML haikubagua herufi katika majina ya alama zake. Mwaka 2000 ikaja XHTML, ikaamuru majina hayo yaandikwe kwa herufi ndogo tupu. HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014, ikaurejesha uhuru wa awali.

Wapo wanaoutetea ukali, na hoja yao ina uzito. Lugha za ulimwengu hazikubaliani kuhusu herufi kubwa. Katika Kituruki, i yenye nukta hubaki na nukta yake hata inapokuwa kubwa, nayo I isiyo na nukta ina ndogo yake isiyo na nukta. Kiarabu na Kiamhari havina kabisa mgawanyo huo. Mashine inayojitia kusawazisha herufi za kila lugha huenda ikakosea. Lakini hoja hiyo haihalalishi ukali kila mahali. Alama za HTML ni chache, na hakuna maana inayopotea zikiandikwa kwa herufi yoyote. Ukali usiolinda maana ni mzigo mtupu kwa mwandishi.

Hapa ndipo suala hili linapowahusu wataalamu wa Kiswahili. Katika Kiswahili, herufi kubwa aghalabu hubeba maana: Juma ni mtu, juma ni siku saba, Neema ni binti, neema ni fadhila. Mtafiti anayekusanya matini na kuzigeuza zote kuwa za herufi ndogo ili tarakilishi imhesabie maneno, huwachanganya watu na siku, mabinti na fadhila. Hata akiziacha zilivyo, hajasalimika, kwa kuwa neno la kwanza la kila sentensi huanza kwa herufi kubwa.

Msomaji wa Kiswahili hababaiki. Akikuta “Juma lilipita” na “Juma alipita”, viambishi li- na a- humwambia yote. “Neema imemfikia” si sawa na “Neema amemfikia”. Ama kwa hakika, washairi wa Lamu na Pate waliandika tenzi zao kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa, na wasomaji wao wakawaelewa. Mzigo ambao herufi haikuubeba ulibebwa na upatanisho wa kisarufi.

Haitoshi, basi, kuwaachia wahandisi jambo hili. Mhandisi anajua 65 na 97. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua li- na a-. Programu za kutafuta na kuhesabu maneno ya Kiswahili zitakuwa butu iwapo maarifa haya ya pili yatasalia katika madaftari ya sarufi. Idara za Kiswahili hazina budi kuwahimiza wanafunzi wao wajifunze lugha za programu, si ili waiache sarufi, bali ili waifikishe pale inapohitajika. Herufi itunzwe inapobeba maana, isamehewe isipoibeba; na wa kupambanua hayo mawili katika Kiswahili ni mwanasarufi.