Kuazima au Kukopa?

Mwezi huu tuzungumze juu ya maneno mawili tunayoyatumia kila siku majumbani mwetu: kuazima na kukopa. Hapa kwetu Majengo, Mpanda, nusura yatugombanishe.

Kulikuwa na harusi ya binti wa mwenzetu. Viti na turubai tulikodi (kukodi hakuna tabu, unalipa basi), lakini sufuria kubwa mbili tulizipata kwa mama wa nyumba ya kona. Katibu wetu akaandika daftarini: "Tumemwazima mama wa kona sufuria 2." Wiki iliyofuata mwenzetu mwingine akasoma daftari, akaenda kwake kuzidai! Kumbe ziko jikoni kwa katibu. Mama wa watu akaja juu: "Mnanidai sufuria zangu mwenyewe?" Siku kadhaa hakutusalimu.

Kosa lilikuwa wapi? Katibu alifuata mfano wa kukopa. Ukisema "nimemkopa jirani shilingi 5,000", wewe ndiye uliyechukua. Lakini "nimemwazima jirani sufuria" maana yake wewe ndiye uliyetoa. Deni limegeuka! Kuazima ni neno la pande mbili. Ukisema "nimeazima sufuria", umechukua. Ukimwingiza mtu ndani ya neno, umempa yeye. Ndiyo maana tukiomba tunasema "niazime". Kukopa hakuna ujanja huo, kwani anayetoa ana neno lake, kukopesha. Ilimpasa katibu aandike: "Tumeazima sufuria 2 kwa mama wa kona."

Kuna na hili. Watoto hutumwa, "Mama anasema umwazime bakuli la unga." Jirani atatoa tu, hana neno. Lakini unga ukishaliwa haurudi. Unaorudi ni mwingine. Huo umekopwa. Kinachoazimwa ni kile kinachorudi chenyewe: ungo, kinu, jembe, hata kanga ya kwendea msibani. Penye daftari la kikundi tofauti hiyo si ndogo, maana aliyekopa unga aweza kulipa unga wowote ulio mzuri, bali mwenye kinu anangoja kinu chake kilekile.

Wala tusichanganye na kuazimia, yaani kukata shauri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 limetoka huko, halihusu sufuria.

Za mama wa kona tulizisugua kwa majivu zikang'aa, tukazirudisha sote pamoja. Katibu ndiye aliyezibeba kichwani.