Usawa wa jinsia Tanzania: sera imefika bungeni, haijafika kwenye mirathi

Maandishi ya kitaifa kuhusu usawa wa jinsia hayakupungua Tanzania. Mwaka 1985 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 1990 ikaundwa wizara yenye dhamana ya maendeleo ya wanawake, na mwaka 1992 ikatolewa sera yake ya kwanza. Sera hiyo iliandikwa upya mwaka 2000, safari hii ikitazama mgawanyo wa kazi, mali na mamlaka kati ya wanawake na wanaume, si wanawake peke yao. Itifaki ya Maputo iliridhiwa mwaka 2007. Anayeyasoma maandishi haya kwa mfululizo anaweza kuamini kwamba kilichobaki ni utekelezaji tu.

Hali haiko hivyo. Sera ya jinsia imefanikiwa zaidi katika mambo ya hadharani: Bunge, halmashauri, darasa, baraza la ardhi la kijiji. Katika mambo ya nyumbani, yaani ndoa na hasa mirathi, bado zinatumika sheria zinazosema kinyume cha sera yenyewe, na mahakama za nchi hiyo hiyo ndizo zinazozitumia. Mgongano huu unaeleza mengi kuhusu hatua zilizopigwa na zilizokwama.

Mafanikio yanayoonekana kirahisi zaidi ni viti maalum. Katika uchaguzi wa 1985 viti vya wanawake bungeni vilikuwa 15. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yaliweka kiwango cha asilimia 30, na baada ya chaguzi za 2015 na 2020 viti hivyo vilifika 113. Kwa njia hiyo wanawake wamepata zaidi ya theluthi moja ya Bunge. Katika halmashauri pia kuna madiwani wa viti maalum, kwa kiwango cha theluthi moja. Wanaobeza utaratibu huu kwamba ni wa kupeana nafasi wanasahau kwamba umekuwa ngazi ya kweli kwa baadhi ya viongozi. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais Machi 2021, aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa kiti maalum, na mwaka 2010 akashinda ubunge wa jimbo la Makunduchi.

Lakini ngazi hiyo ina kikomo kilichoandikwa. Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu atokane na wabunge wa majimbo, kwa hiyo mbunge wa viti maalum hata awe hodari kiasi gani hawezi kuteuliwa. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo nao uko chini ya mbunge wa jimbo. Zaidi ya hayo, orodha ya viti maalum hupangwa na chama, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura za chama. Mbunge wa namna hiyo anajua nani alimweka, na si mpiga kura wa Kishapu wala Nachingwea. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwishoni mwa 2013 ilikuwa na jibu bora: kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakitoka kwa wapiga kura. Mchakato huo wa Katiba mpya ulisimama mwaka 2015 kabla ya kura ya maoni, na hoja hiyo ikabaki kwenye makabati.

Eneo la pili ni ardhi, na huko mafanikio yana mizizi mirefu zaidi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi. Sheria ya vijiji inakwenda mbele zaidi: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Masharti haya hayakuja kwa hisani. Yalipiganiwa na wanasheria na wanaharakati, miongoni mwao Chama cha Wanasheria Wanawake na Mtandao wa Jinsia Tanzania, katika mjadala wa ardhi wa miaka ya 1990. Matunda yake yanaonekana pale upimaji unapofanywa kijiji kwa kijiji. Katika baadhi ya wilaya za Iringa na Morogoro, ambako wanawake walielezwa haki zao kabla ya mashamba kupimwa, hatimiliki nyingi za kimila zimetoka zikiwa na jina la mke, peke yake au pamoja na la mume.

Sheria hiyo inamlinda mwanamke akiomba ardhi, akiinunua, au akigawiwa na halmashauri ya kijiji. Wanawake wengi wa vijijini, hata hivyo, hawanunui ardhi wala hawagawiwi na serikali. Wanaifikia kupitia baba au mume. Kwa hiyo siku baba au mume anapofariki, jambo la msingi ni sheria ipi ya mirathi itatumika.

Tanzania Bara ina mifumo mitatu ya mirathi: sheria ya Kiislamu, sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, na sheria za mila. Mahakama hutazama mtindo wa maisha ya marehemu ili kujua itumike ipi, na kwa jamii nyingi za vijijini zisizo za Kiislamu huishia kwenye mila. Mila hizo hazikuachwa katika kumbukumbu za wazee. Zilikusanywa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963 katika Tangazo namba 436, zikawa sheria iliyoandikwa. Ndani yake warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume juu, wanaume wengine katikati, mabinti chini. Binti anaweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, kwa mujibu wa tangazo, ni kutunzwa na watoto wake.

Mahakama zimejaribu kulirekebisha jambo hili, na historia yake inasikitisha. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, akiwa Mwanza, aliamua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, na ndugu wa ukoo akadai mwanamke hana mamlaka hayo. Jaji alitamka kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na akayahalalisha mauzo. Miaka mingi baadaye, wajane wawili kutoka Shinyanga waliofukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao waliomba tangazo la 1963 lifutwe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, kwa maelezo kwamba mila ni ngumu kubadilishwa kwa hukumu. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 ilitamka kwamba Tanzania imevunja haki zao. Kukiri ubaguzi na kuuacha uendelee ni jambo zito kuliko kutouona kabisa, kwa sababu kila mjane aliyefukuzwa baada ya hapo amefukuzwa chini ya kanuni ambayo dola inajua kwamba si ya haki.

Ndoa ina mgongano wa aina hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Kwa mvulana umri wa kawaida ni 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba na kutoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufaa ikashindwa Oktoba 2019. Tarehe ya mwisho ilipita, na marekebisho yakasubiri kwa maelezo ya kukusanya zaidi maoni ya wananchi.

Pengo hilo limezaa hali ya ajabu. Tangu 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwenzake wa rika hilo aliyeacha shule kwa umaskini, akiozwa kwa ridhaa ya baba, hayuko chini ya kinga hiyo, na Kanuni ya Adhabu inamtoa mume wa msichana wa miaka 15 katika kosa la kubaka. Kwa maneno mengine, kinachomlinda msichana ni sare ya shule, si umri wake. Ndiyo maana uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, jambo ambalo Zanzibar ilikwishaliruhusu tangu 2010, ulikuwa mkubwa kuliko ulivyozungumzwa. Kila mwaka ambao msichana anabaki darasani ni mwaka mwingine wa ulinzi.

Wanaotetea mwendo wa polepole wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema sheria ikiitangulia jamii mno huzaa ndoa za kificho na mirathi inayomalizwa kwenye kikao cha ukoo, mbali na mahakama. Ni kweli kwamba hukumu peke yake haimrudishi mjane shambani. Lakini historia ya nchi haiungi mkono hofu hiyo. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, ilipotungwa mwaka 1971, iliunganisha ndoa za kimila, za kidini na za kiserikali chini ya mwavuli mmoja, licha ya upinzani mkali. Baadaye Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, iliitafsiri na kukubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Jamii haikusambaratika kwa lolote kati ya hayo.

Kuna pia hoja ya dini, nayo mara nyingi huchanganywa na ya mila. Mirathi ya Kiislamu inampa mjane, mama na binti mafungu yanayojulikana, na mjadala kuhusu ukubwa wa mafungu hayo ni wa waumini na wanazuoni wao. Tangazo la 1963 ni jambo tofauti. Linamwacha mjane bila chochote, wala halina andiko takatifu nyuma yake. Kulirekebisha hakulazimu mjadala wa kwanza umalizike.

Upande wa fedha, hatua kubwa ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia nne ni ya vikundi vya wanawake. Ikawa lazima kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa 2023 baada ya kubainika vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Katika kipindi cha kusimama, wengi walibaki na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, au na mikopo ya kausha damu yenye riba kubwa. Hata ilipo, mwenye hati ya shamba hukopesheka benki na kwa kiasi kikubwa zaidi, na hapo suala la mirathi linarudi.

Marekebisho yanayohitajika ni machache. Vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa na sharti moja la Kanuni ya Adhabu vinahitaji muswada. Tangazo la 1963 halihitaji hata Bunge: kwa utaratibu wa sheria inayoongoza matumizi ya mila mahakamani, halmashauri ya wilaya inaweza kupendekeza kanuni za mila zibadilishwe, na waziri akaridhia kwa amri. Njia hiyo imekuwa wazi muda wote huu. Halmashauri hizo ndizo zenye madiwani wanawake wa viti maalum kwa theluthi moja, na hoja ya kubadilisha kanuni za mirathi inaweza kuanza kwenye kikao chao cha kawaida cha robo mwaka.