Damu ya Kasingirima ipimwe kwa kipimo kipi?

Mkazi wa Kasingirima, mjini Kigoma, hahitaji kuelezwa CD4 ni nini. Kwa miaka mingi wanaoishi na virusi vya UKIMWI walihesabiwa seli hizo za kinga kwanza ndipo wakaanzishiwa dawa, hadi mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila aliyegundulika aanze dawa bila kusubiri. Kinachojulikana kwa wachache ni kwamba utaalamu ule ule wa kuhesabu CD4 ndio unaotenganisha aina za saratani ya damu. Kingamwili zenye rangi huchanganywa na damu au uboho wa mgonjwa, zikanata kwenye alama za seli. Kisha seli hupita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine husoma rangi zinazowaka.

Aina ina uzito kwa sababu dawa hutofautiana. Lukemia kali ya limfosaiti haitibiwi kama ile ya mieloidi, na chini ya hadubini seli changa za magonjwa hayo mawili zaweza kufanana hadi mtaalamu mzoefu akakwama. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, na Kigoma ni mojawapo. Uvimbe wake unaweza kukua maradufu ndani ya siku mbili. Mtoto mwenye homa na viganja vilivyopauka huanzishiwa dawa ya malaria, na ni sahihi, maana malaria ipo. Hatari iko pale anaporudi tena na tena, akaongezewa damu na kuruhusiwa, bila mtu kuuliza damu inakwenda wapi.

Wapo wanaotaka mkoa ununue mashine yake, iwekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Naielewa kiu hiyo. Watu wa Kigoma wamechoka kusafirishwa. Hata hivyo siiungi mkono. Kingamwili hizo ni ghali, hutunzwa kwenye baridi na huisha muda, na msomaji wa majibu hunoa jicho lake kwa kuona wagonjwa wengi. Isitoshe, maabara mbili zenye mashine sawa zaweza kutoa majibu tofauti kuhusu damu ile ile, iwapo kila moja imejichagulia kingamwili na kurekebisha leza kivyake. Ulaya, pamoja na utajiri wake, ililiona tatizo hilo. Kundi la EuroFlow lilianza kazi mwaka 2006, na mwaka 2012 likachapisha utaratibu mmoja: kingamwili zipi, rangi zipi, mashine ipangweje. Mrija wake wa kwanza wa lukemia kali una alama 8 tu, zilizochaguliwa ili zionyeshe mara moja ugonjwa umetoka ukoo upi wa seli.

Wengine husema kipimo hiki ni anasa, tuimarishe hadubini kwanza. Nusu ya hoja yao naikubali kwa moyo wote. Kioo cha damu kilichopakwa vizuri na kusomwa kwa makini Maweni ndicho kinachozua shaka ya kwanza, na bila shaka hiyo hakuna sampuli itakayotumwa popote. Lakini kuugundua ugonjwa wa mtoto nusunusu, kisha kumpa dawa kwa kubahatisha, ni kumwonea.

Mahali panapofaa, kwa maoni yangu, ni Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda yenye huduma za saratani, ikifuata utaratibu ule ule utakaofuatwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Kazi ngumu itakuwa njiani. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi huvumilia safari; seli hizi husomwa zikiwa hai, vizuri zaidi ndani ya siku moja au mbili, na joto huziua. Treni ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, haiwezi kutegemewa kwa hilo. Patahitajika gari lenye ratiba au ndege, pamoja na mirija yenye dawa ya kuhifadhi seli.

Gharama hiyo iandikwe waziwazi ndani ya kitita cha bima, sasa kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kusafirisha mrija ni nafuu kuliko kumsafirisha mtoto na mama yake, wakalale Mwanza wiki nzima wakisubiri jina la ugonjwa. Jina likijulikana daktari angali Maweni na mgonjwa wake, safari itakayofuata itakuwa ya matibabu, na dawa zitakuwa zimeagizwa kabla hawajapanda gari.