Duka za dola kila kona, tomati hakuna

Mwezi wa nne 2018, baraza la mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma kule Marekani, lilipitisha sheria yenye kushangaza masikio: kuzuia duka za bei rahisi. Si mji muzima. Ni mu mitaa ya kaskazini tu, na sheria inasema hivi: ukitaka kufungua duka mpya ya namna ile, iwe mbali na ingine maili moja, ni kusema kilometa moja na nusu na kidogo juu. Mtu atauliza: mukubwa gani wa mji anaweza kukatalia maskini duka ya bei chini? Swali ni zuri. Na sisi watu wa migodi linatugusa kupita vile tunavyofikiri.

Kwanza tujue duka zenyewe. Majina yake ni Dollar General, Family Dollar, Dollar Tree. Dollar General peke yake iko na duka kupita 20,000. Ni nyumba ndogo, wafanyakazi wachache, mishahara ya chini. Ndani utapata sabuni, biskwi, mikebe, vinywaji vya sukari, maziwa, vyakula vya frigo. Pakiti ni ndogo, ndiyo maana bei inaonekana ndogo. Ukipiga hesabu ya kilo, mara nyingi umelipa kupita yule aliyenunua pakiti kubwa. Sisi tunaijua ile hesabu: mama anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo kila siku, mwisho wa mwezi ametoa franga kupita yule wa bidoni. Anajua vizuri. Lakini franga za bidoni hazikuwa mufukoni siku ile.

Sasa kwa nini duka ya biskwi inaua tomati? Hapa ndipo watu wengi hawaoni vizuri. Duka kubwa ya chakula haipati faida nyingi kwa mboga na nyama mbichi. Mboga inaoza, nyama inadai frigo, frigo inadai moto wa umeme usiku na mchana, na mtu wa kuipanga analipwa. Faida inayobeba mzigo ule inatoka kwa vitu vikavu: sabuni, karatasi, mikebe, sukari. Duka ya dola inakuja karibu, inachukua vile vikavu tu, inaacha mboga kwa mwenzake. Mwenzake anabaki na yenye kuoza, bila ile ya kumulipia hasara. Kisha siku moja anafunga mulango, na ile mboga inakwenda naye. Hakuna mtu aliyeamua kwamba mtaa usile tomati. Imetokea tu kwa hesabu.

Kaskazini ya Tulsa ni mitaa ya Weusi. Ni huko mwaka 1921 kundi la Wazungu lilichoma Greenwood, mtaa wao wa biashara, wakaua watu. Miaka karibu mia baadaye, diwani wa huko, Vanessa Hall-Harper, alisimama mu baraza akisema mitaa yake imejaa duka za dola na haina pahali pa kununua chakula kibichi. Mwaka 2017 baraza lilisimamisha kwanza ruhusa za ujenzi kwa muda, kisha sheria ikaja.

Sheria yenyewe iko na pande mbili. Upande mmoja unakataza. Wa pili unafungua mulango: duka yenye kutenga futi 500 za mraba, yaani mita 46 hivi, kwa nyama mbichi, matunda na mboga, haihesabiwi kati ya zile zinazozuiwa, na duka kubwa za chakula zinapunguziwa masharti ya nafasi ya motokari. Kansas City ya jimbo la Kansas ilikuwa imeweka mipaka yake mbele, 2016. Birmingham ya Alabama ilifuata 2019, na New Orleans na Fort Worth nazo zikaingia mu njia ile.

Je, imezaa matunda? Mwaka 2021 duka ya chakula inayoitwa Oasis Fresh Market ilifunguliwa kaskazini ya Tulsa. Watu wakashangilia, na ni haki yao. Lakini tuseme ukweli: sheria haikujenga ile duka. Ilijengwa na franga za serikali pamoja na za wafadhili. Sheria ilisafisha kiwanja tu, mwengine akalima.

Kuna pia wenye kupinga, na hawasemi upumbavu. Dollar General inajibu kwamba kufikia mwanzo wa 2024 ilikuwa inauzisha mboga na matunda mu duka kupita 5,000. Halafu mwaka ule ule, mwezi wa tatu, Dollar Tree, iliyokuwa mwenye Family Dollar, ilitangaza kufunga duka karibu 1,000. Fikiri mtaa ambao duka kubwa imekwisha kwenda, sasa na ile ndogo inafunga. Hata maziwa ya mutoto unayafuata na basi. Mwenye kupiga vita duka za dola awe na jibu kwa mama yule.

Wanauchumi akina Hunt Allcott nao walitoa kazi mwaka 2019 inayotuliza kelele. Walikadiria kwamba maskini wakipewa duka zile zile na bei zile zile za matajiri, tofauti ya ubora wa chakula kati yao itapungua sehemu 10 tu juu ya 100. Zinazobaki zinatoka kwa vitu ambavyo kila mmoja anachagua kununua. Mimi hesabu yao ninaikubali, lakini mtu asiifanye mutego wa kulaumu maskini. Muchimbaji anayetoka zamu ya usiku, mwili umechoka, hapiki lengalenga saa moja asubuhi. Anakula chenye kuwa karibu na chenye kushibisha. Kile anachochagua kimekwisha kuundwa na mshahara, na saa za kazi, na miaka ya kuzoea.

Tazama wachimbaji wenzetu wa makaa ya mawe, wilaya ya McDowell, jimbo la West Virginia. Mwaka 1950 walikuwa watu karibu 100,000. Mwaka 2020 walihesabiwa 19,000 tu na kidogo. Zamani kampuni za makaa kule zililipa wachimbaji kwa pesa za kampuni yenyewe, zisizokubaliwa kwingine isipokuwa mu duka ya kampuni. Ile ilikwisha, mashini zikachukua kazi ya mikono, na duka kubwa ya Walmart pale Kimball ikafunga mwezi wa kwanza 2016. Hakuna baraza lililoifukuza. Pahali kama pale, kukataza duka ya dola hakuleti hata kitunguu kimoja, kwa sababu hakuna mwengine anayengoja kuingia.

Wazee wa Union Minière na Gécamines wakisoma habari ile ya pesa za kampuni watacheka kidogo. Kwetu ilikuwa posho: unga wa bukari, maharagi, mafuta, kwa hesabu ya watu wa nyumba. Kampuni ilikulisha, na kampuni iliamua unakula nini. Gécamines ilipoanguka, posho nayo ikaanguka, na watu 10,655 waliotolewa kazini 2003 na 2004, ile wanaita départ volontaire, walirudi kwa mama wa soko sawa kila mtu.

Na hapa ndipo Tulsa inatupindukia kichwa chini miguu juu. Kwao sheria ya mji inazuia duka ya biskwi ili tomati ipate nafasi. Kwetu alimentation ya biskwi na mikebe iko chini ya paa, hakuna anayeigusa, na yenye kufukuzwa ni tomati, kwa sababu inauzishwa na mama aliyekaa pembeni ya njia. Ndiyo, njia inapaswa kupitika, na motokari za migodi zinaua. Lakini mji unapomuondoa, mara ngapi unamuonyesha pahali pengine penye maji na kivuli, karibu na kambi, si mwisho wa mji ambako muteja hafiki? Mita 46 za mraba ambazo Tulsa inadai kwa duka moja, zinatosha mama wengi na mabeseni yao.