Stempu ya Ushuru Kama Zana ya Kufundishia

Katika shule zetu nyingi somo la kodi hufundishwa kwa maneno matupu. Mwalimu huandika ubaoni kwamba kodi hujenga barabara, shule na zahanati. Wanafunzi huyanakili maneno hayo, na mtihani ukipita huyasahau. Hawajapata kuiona kodi kwa macho, wala hawajui inaingiaje katika bei ya kitu kinachouzwa dukani. Shabaha ya makala haya ni kuwashauri wanachuo watakaokwenda kufundisha Same na vijiji vya Milima ya Upare wakusanye stempu za ushuru wa vileo na tumbaku, za kale na za karibuni, ili wazitumie darasani. Hapana shaka shauri hili litapata wapinzani, nao wana hoja zinazostahili kujibiwa.

Kwanza tuielewe zana yenyewe. Ushuru wa bidhaa hautozwi kwa mnywaji wala kwa mvutaji moja kwa moja. Hutozwa kiwandani au bandarini, kisha huingizwa katika bei, hata mnunuzi akaulipa bila kujua. Stempu ndiyo ushahidi kwamba ushuru umeshughulikiwa. Kwa desturi hubandikwa juu ya kizibo cha chupa au mahali pakiti inapofungukia, ili afunguaye asiwe na budi kuichana. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1862 ilitoza ushuru wa vileo na tumbaku ili kugharimia vita vya wenyewe kwa wenyewe, stempu za bia zilianza kutumika mwaka 1866. Zilibandikwa juu ya tundu la pipa, na pipa lilipotobolewa stempu iliharibika. Ndiyo sababu wakusanyaji huzithamini sana stempu za namna hiyo zilizosalia nzima: zilitengenezwa ili ziharibiwe.

Nchi yetu nayo ina historia ya stempu za mapato. Mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wameitwaa sehemu kubwa ya nchi hii kutoka kwa Wajerumani, walitumia stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa chapa ya herufi G.E.A. Hizo hazikuwa stempu za vileo. Lakini zilikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "posta na mapato", yaani stempu ile ile iliweza kulipia barua au ushuru wa serikali. Katika zama zetu, Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996, ilitumia stempu za karatasi kwa vileo na sigara hadi mfumo wa stempu za kielektroniki ulipoanza Januari 2019. Stempu ya sasa huweza kuhakikiwa kwa simu yenye programu ya Hakiki Stempu. Hivyo basi, ile ya karatasi iliyosahauliwa katika chupa tupu stoo imekwisha kuwa kumbukumbu ya historia, na asipoiokota mtu leo itapotea.

Mwalimu atafanya nini na stempu hizo? Katika hisabati anaweza kuuliza: tuseme katoni 20 zenye chupa 12 kila moja zimeshushwa Same, na stempu zilizohesabiwa ni 228, chupa ngapi hazina stempu, na serikali imepoteza kiasi gani ikiwa ushuru wa kila chupa ni shilingi 500? Katika uraia anaweza kuuliza kwa nini chupa ya kiwandani ina stempu, na kibuyu cha dengelua inayopikwa kijijini kwa miwa hakina. Swali hilo moja litawafikisha wanafunzi kwenye kiini cha jambo: ushuru wa namna hii hukusanywa kwa urahisi palipo na lango la kiwanda na mzigo unaohesabika.

Katika historia faida ni kubwa zaidi. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa huko muda mrefu wakiipinga kodi iliyojulikana kwa jina la Mbiru. Kodi hiyo ilipangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na wananchi hawakuyakubali makadirio hayo wala namna yalivyofanywa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mapambano hayo, kilichotolewa mwaka 1971, na kodi yenyewe hatimaye iliachwa. Mwanafunzi akiweka stempu ya ushuru kando ya habari za Mbiru, atalinganisha kodi mbili: moja mtu alikadiriwa na kudaiwa yeye mwenyewe, akauliza, nyingine imejificha ndani ya bei, naye huilipa bila kuuliza. Raia asiyeiona kodi hawezi kudai hesabu yake. Hilo ndilo fundisho ninalolitaka.

Sasa tuzitazame hoja za wapinzani. Wapo watakaosema kwamba mwalimu analeta ulevi darasani. Katika Upare hoja hii ina uzito, kwa kuwa Waislamu na Waadventista ni wengi, na wazazi wao wamewalea watoto wajiepushe na vileo. Waadventista wamo katika milima hii tangu mwaka 1903. Jibu langu ni kwamba stempu ni alama ya serikali, si tangazo la mwenye kiwanda. Ibandue, uibandike katika kadi, na jina la kinywaji au sigara lisionekane kabisa. Mweleze mwalimu mkuu na wazazi shabaha ya somo kabla ya kuanza. Kadhalika, usimtume mtoto kilabuni kuokota chupa, wala usimlipe kwa kila stempu aletayo. Kazi ya kukusanya ni ya mwalimu.

Wengine watahofu kwamba stempu zilizobanduliwa zitabandikwa tena juu ya chupa za magendo. Hofu hiyo ni ya haki. Kusanya zilizochanika tu, na kila moja uipige mstari wa wino. Stempu mpya ambayo haijatumika usiipokee kamwe, hata ukipewa bure, kwa maana hiyo si kitu cha mkusanyaji.

Ndugu mwanachuo, zana hii haina gharama wala haihitaji maabara. Stempu tatu zilizochanika, kadi moja na maswali yaliyopangwa vema vyatosha kuanzia. Andika nyuma ya kila kadi mahali na tarehe ulipoipata stempu, kwa kuwa stempu isiyo na maelezo haina historia ya kumfundisha mtoto.