Mashini Isiyoamka Haijafa



Kompyuta ya kupakata, ambayo wengi wetu twaiita mashini tu, imekwisha ingia katika nyumba za Kamina. Mwanafunzi wa chuo kikuu huandikia kazi yake ya mwisho wa masomo. Mwalimu huwekea humo alama za darasa zima. Mwenye duka hutunzia humo hesabu zake. Aghalabu mashini hiyo ilitumika Ulaya miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu, na fedha yake ilichangwa na baba, mama, mjomba na kaka. Basi siku moja kitufe chabonyezwa, wala mashini haiamki. Nyumba nzima yataharuki.

Ndipo hutolewa shauri moja ambalo twalisikia mara nyingi mno: “Ipelekeni ikafutwe yote, ianze upya.” Shauri hilo ndilo lililotusukuma kuandika juma hili. Maana tusisahau kwamba mashini ni kitu kimoja, na maandishi yaliyomo ni kitu kingine. Mashini, ingawa kwa shida, hununuliwa tena. Lakini kurasa sitini ambazo kijana ameziandika kwa miezi minane haziuzwi katika soko lolote. Anayefuta diski ili mashini iamke amevunja ghala ili kuokoa mlango.

Je, tufanye nini? Kwanza tuulize swali moja: imekwama wapi?

Sisi watu wa Kamina twaweza kulielewa swali hilo upesi, kwa kuwa mji wetu ni njia panda ya reli. Tangu mwaka 1928, reli itokayo kusini hupita kwetu na kuendelea hata Ilebo. Treni iliyotoka Lubumbashi isipofika hapa, hakuna mwenye akili asemaye kwamba reli yote ing’olewe. Watu huuliza: Je, iliondoka Lubumbashi? Ilipita Tenke? Ilionekana Bukama? Wakijua kituo cha mwisho ilipoonekana, wamejua pa kutafuta. Kompyuta nayo ina safari yake kila inapoamka, na safari hiyo ina vituo vinne.

Kituo cha kwanza ni umeme. Ukibonyeza kitufe na usione taa wala kusikia feni, mashini haijaondoka bado. Usiishuku diski wala programu, maana hazijafikiwa. Anza na lililo jepesi: chomeka taa katika tundu lile lile la umeme uone kama yawaka. Hapa kwetu umeme huja na kwenda, na nyumba nyingi zategemea paneli za jua na inverta. Inverta ndogo ambayo tayari yalisha televisheni na friji yaweza kushindwa kulisha shaja ya wati 65. Halafu soma kibandiko cha shaja yenyewe. Shaja nyingi hupokea umeme wa volti 100 hata 240, na nyingi za zile zenye ncha ya duara hutoa volti 19 au 20. Shaja ya kuazima yaweza kuingia vizuri katika tundu la mashini yako, lakini volti zake zikawa pungufu au kupita kiasi. Kuingia si kufaa. Linganisha kwanza tarakimu za shaja na zile zilizoandikwa chini ya mashini.

Ikiwa shaja ni nzima, lipo jaribio jingine lisilogharimu hata faranga moja. Chomoa shaja. Kama betri ni ya kutolewa kwa nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kwa nusu dakika, kisha ukiachie. Chomeka shaja peke yake, ujaribu tena. Umeme uliosalia ndani huisha kwa njia hiyo, na mashini iliyoganda mara nyingi hurudiwa na fahamu. Lakini ukiona betri imevimba hata kuinua kifuniko, acha mara moja. Usiitoboe, usiikandamize, wala usiichaji tena. Betri za namna hiyo huweza kuwaka moto.

Kituo cha pili ni pale mashini inapojikagua. Taa zimewaka, feni yazunguka, lakini kioo ni cheusi. Wakati huu programu ndogo iliyowekwa na mtengenezaji hutazama viungo vyote: memori ipo? kioo kipo? vibonye vipo? Ikiona upungufu, mashini nyingi hulia mlio mfupi mara kadhaa, au kupepesa taa. Huo si wazimu, ni usemi. Hesabu ni mara ngapi, uandike katika karatasi, maana kila mtengenezaji ana maana zake, na fundi atazitafuta. Kisha, katika chumba chenye giza, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, mashini imeamka kweli. Taa ya kioo ndiyo iliyokufa. Waweza pia kuiunganisha na televisheni kwa waya: picha ikitokea huko, maandishi yako yapo salama.

Mara nyingi sababu ya kituo hiki ni memori iliyolegea au kushikwa na vumbi, hasa kiangazi, tokea Mei hata Septemba, wakati vumbi letu jekundu lapenya kila mahali. Mwenye kujua kufungua mashini huchomoa shaja na betri, hugusa kwanza kitu cha chuma ili umeme wa mwilini umtoke, kisha huitoa memori, husugua polepole meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha hata isikike imekaa. Asiyejua asijaribu kwa mashini ya wenzake.

Kituo cha tatu ni kutafuta diski. Jina la mtengenezaji limeonekana, kisha yatokea maneno yasemayo kwamba hakuna diski ya kuanzia. Watu wengi hukata tamaa hapa, na hapa ndipo shauri la kufuta hutolewa upesi. Tuwaze mwanafunzi aliyechapisha kazi yake mjini, akarudi nyumbani, akawasha mashini huku flashi yake ingali imechomekwa. Mashini nyingine hutafuta kwanza katika flashi. Isipokuta humo cha kuanzia, husema haikuona kitu. Dawa yake ni kuchomoa flashi tu. Je, si huzuni mtu apoteze kazi ya mwaka kwa ajili ya flashi iliyosahauliwa?

Sababu ya pili ya kituo hiki huonekana sana katika mashini kuukuu. Ndani yake mna kibetri cha duara mfano wa sarafu, kinachotunza saa na maagizo ya kuanzia. Kikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na maagizo hurudia yale ya kiwandani, ambayo huenda hayapatani na diski yako. Basi ukiona tarehe ya ajabu, shuku kibetri kabla ya diski. Ili kuona maagizo hayo, mashini huwashwa huku ukigusagusa kitufe cha F2, F10, Esc au Delete, kila mtengenezaji na desturi yake. Humo utaona kama diski yatajwa au haitajwi. Ikitajwa, i hai. Ikiwa haitajwi, huenda imelegea mahali pake, au imekufa. Na ukisikia diski ya zamani yagonga ndani, tak, tak, tak, zima mara moja. Kila unapoiwasha tena waweza kuizidishia majeraha, na aliye tayari kuokoa maandishi atakuta kidogo zaidi.

Kituo cha nne ni kupakia programu kuu, ambayo kwa wengi wetu ni Windows. Viduara vyazunguka bila mwisho, au kioo chageuka buluu. Ukisoma kwamba mashini yajisasisha, ngoja, hata ikiwa ni saa nzima. Kuizima katikati ndiko kunakoivunja. Kwa hiyo haifai kuanza kusasisha wakati betri ni tupu na umeme wasitasita. Isipotoka kabisa, kumbuka kwamba Windows 10 na 11, zikishindwa kuamka mara mbili tatu mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo fuata mpango: kwanza kutengeneza mwanzo, pili kuondoa sasisho la mwisho, tatu kurudi katika hali ya siku za nyuma, nne kuamka katika hali ya usalama, ambamo programu chache tu hupakiwa. Katika ukurasa huo huo limo pia pendekezo la kuanza upya, nalo lina milango miwili: mmoja huyahifadhi maandishi yako, wa pili huyaondoa yote. Soma polepole, hata mara tatu, kabla ya kubonyeza.

Tusidhani mambo haya huwapata maskini tu wenye mashini kuukuu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi, ilituma faili moja yenye kasoro. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilianguka siku hiyo na kushindwa kuamka. Safari nyingi za ndege zilifutwa, na mahospitali na mabenki yakasumbuka. Je, diski za mashini hizo zilifutwa zote? Hasha. Mafundi waliketi mbele ya moja moja, wakaiamsha katika hali ya usalama, wakaiondoa ile faili moja, ikapona. Diski zilikuwa nzima, na maandishi yalikuwa mazima. Walioshinda ni wale waliojua pa kutazama, tena wenye subira.

Lakini siku hiyo wengi walikwama mahali pengine, nasi tujifunze. Mashini nyingi za Windows hufungwa kwa kufuli iitwayo BitLocker, nayo yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kumruhusu mtu kutengeneza kitu. Asiye na ufunguo hawezi kusoma diski yake mwenyewe. Basi wakati mashini ni nzima, tazama kama kufuli hiyo imefungwa, unakili tarakimu zake katika daftari, ukaliweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Kuziandika ndani ya mashini yenyewe ni kuufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Tuseme sasa umepita vituo vyote, na fundi asema kwa haki kwamba hakuna njia ila kuweka programu upya. Hata hapo kuna hatua ya kutangulia: okoa maandishi. Njia ya kwanza ni kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa kiungo maalumu, kisha kunakili yaliyomo. Njia ya pili ni flashi ya kuamshia. Ipo programu kuu ya bure iitwayo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha kuwekwa Linux ya namna ya Ubuntu au Mint, na mashini nyingi zaweza kuamka kwa flashi hiyo bila kuigusa Windows. Ukiisha kuamka, fungua diski, unakili kazi yako, na baadaye fundi afanye atakavyo. Kwa kuwa kupakua programu hiyo hula megabaiti nyingi, haifai kila mtu apakue yake. Shule moja au vijana wa mtaa mmoja wachange, watengeneze flashi mbili, waziweke kwa mtu mwaminifu.

Unapokwenda kwa fundi, usiende mikono mitupu. Chukua karatasi iliyoandikwa: imekwama kituo gani, ililia mara ngapi, ilisema maneno gani, ulijaribu nini. Tena ulijaribu kimoja kimoja. Maana anayebadili vitu vitatu kwa pamoja, mashini ikipona hajui dawa, na ikizidi kuugua hajui sumu. Mwambie fundi waziwazi, mbele ya shahidi: “Usifute kitu kabla ya kuniuliza.” Fundi mwema hatachukizwa na maneno hayo. Atafurahi kupata mteja ajuaye atakalo.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu, kwamba kazi ya miezi mingi yakaa mahali pamoja tu. Mwanafunzi anayeandika kazi ya mwisho wa masomo yampasa kila jioni kuinakili katika flashi, na kila Jumamosi katika flashi ya pili inayolala nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki. Anayefanya hivyo, mashini yake ikikataa kuamka, atapoteza fedha na usingizi wa siku mbili, lakini hatapoteza mwaka wa masomo. Nanyi wazazi, mnapomuuliza mtoto usiku kama amekula na kama amesoma, ongezeni swali la tatu: kazi yako umeinakili? Muulize leo, wakati mashini ingali yaamka.