Ndege ikibana viti, mbona bili iletwe kwa mnene?

Chukua karatasi mbili za A4, zile unazoprintia CV. Ziweke mezani zikiwa wima, moja ubavuni mwa nyingine. Huo upana unaouona ni sentimita 42. Ongeza sentimita moja na kidogo, unapata inchi 17, na hiyo ndiyo nafasi ambayo abiria wa daraja la kawaida huuziwa kwenye ndege nyingi za Boeing 737. Hata kama wewe ni mwembamba wa kupeperushwa na upepo wa Ngong, mabega yako pengine hayatoshei hapo.

Nimekupimisha hivyo kwa sababu mjadala wa abiria wanene kwenye ndege umerudi, na kama kawaida ya mtandaoni umegeuka vita vya matusi kati ya wanene na wembamba. Wasee wanatukanana, na aliyeamua kiti kiwe saizi ile amenyamaza tu, anahesabu doo.

Kilichouwasha moto tena ni Southwest, shirika la ndege la Marekani lenye makao Dallas. Kwa miaka mingi abiria wanene wa huko walilipenda hilo shirika kupita yote. Ulikuwa unanunua kiti cha pili na baada ya safari unarudishiwa pesa zako, au unaenda tu kwa kaunta siku ya safari, unaongea na mhudumu, unapewa kiti cha ziada bila malipo. Wakati huo Southwest haikuwa na namba za viti. Unaingia, unakaa unapopata, kama mathree.

Januari 27, 2026 mambo yakabadilika. Southwest ilianza kuuza viti kwa namba, na siku hiyo hiyo sheria ya abiria wanene ikabadilishwa. Sasa usipotoshea kati ya viegemeo viwili vya mikono, unatakiwa ununue kiti cha pili mapema. Pesa za kiti hicho utarudishiwa ikiwa ndege iliondoka na angalau kiti kimoja kitupu, ikiwa tiketi zote mbili zilikuwa za daraja moja, na ikiwa umeomba ndani ya siku 90. Usiponunua mapema, na mfanyakazi akaamua unahitaji kiti cha pili, utalipia palepale uwanjani. Ndege ikiwa imejaa, unasukumwa kwa safari nyingine.

Usidhani haya yametoka hewani. Mwaka wa 2024 kampuni ya uwekezaji ya Elliott ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Southwest na kuanza kulikaba shirika hilo lipate faida zaidi. Mei 2025 mizigo ya bure, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari yao, ikaondolewa. Kiti cha bure cha mnene kimefuata njia ile ile. Ukiwaza hivyo, hii habari inaacha kuwa ya afya au ya heshima na inakuwa habari ya kawaida kabisa ya kampuni inayotafuta pesa mahali ambapo haikuwa ikizitafuta zamani.

Najua hoja unayoishika mkononi, kwa sababu hata mimi nimeisikia kwa kila kijiwe: mtu mzito anamaliza mafuta zaidi, kwa hivyo alipe zaidi. Hebu tuiangalie vizuri.

Uzito kwenye ndege ni jambo la kweli, tena la kufa na kupona. Januari 2003 ndege ndogo ya Air Midwest ilianguka Charlotte, Marekani, ikaua watu wote 21. Uchunguzi ulipata makosa mawili yaliyoshikana: mitambo ya mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya, na ndege ilikuwa na uzito mwingi nyuma kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu hesabu ilitumia wastani wa kilo za abiria uliopitwa na wakati. Marekani ikalazimika kupandisha huo wastani. Mwaka wa 2023 Air New Zealand iliwapima abiria wa safari za nje kwa hiari yao, kwenye mizani isiyowaonyesha namba, ili kupata wastani mpya. Na ukienda hapa Wilson kupanda kandege ka kwenda Mara, utaambiwa mzigo usizidi kilo 15, na begi liwe laini. Hakuna anayekuonea. Ndege ni ndogo.

Lakini soma tena sheria ya Southwest. Haina mizani popote. Inapima upana wa makalio na mapaja, basi. Jamaa wa mazoezi wa kilo 120, kifua kama mlango wa benki lakini kiuno chembamba, atalipa kiti kimoja. Dada wa kilo 95 aliyejaliwa nyonga atalipa viwili. Kama kweli shida ingekuwa mafuta, hesabu hiyo ingekuwa kinyume. Kuna shirika moja lililowahi kuifanya hesabu ya mafuta kwa ukweli wake: Samoa Air, mwaka wa 2013, lilianza kutoza nauli kwa kila kilo ya abiria pamoja na mzigo wake. Unaweza kulichukia, lakini angalau lilipima kile lilichosema linapima. Haya mengine yanataja uzito mdomoni na kutoza upana mfukoni.

Upana sasa ndio tuuongelee, maana hapo ndipo mchezo ulipo.

Mwili wa Boeing 737 una upana uleule wa Boeing 707, ndege iliyochorwa miaka ya 1950. Safu ya viti sita, njia moja katikati. Watu wameongezeka mwili tangu hapo. Marekani kwenyewe takriban watu wazima 4 kati ya 10 wana unene wa kupindukia, na usicheke, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwenye ndege ambazo zingeweza kutoa nafasi, mashirika yalichagua kinyume. Boeing 777 nyingi zilianza na viti 9 kwa safu, zikaongezewa cha kumi ndani ya mwili ule ule. Boeing 787, Dreamliner, ingetosha vizuri kwa viti 8 kwa safu, na Japan Airlines wamebaki na 8 kwenye safari zao za kimataifa. Karibu mashirika mengine yote yaliweka 9, tatu tatu tatu, na Kenya Airways ni mojawapo. Hiyo ndiyo ndege inayotoka JKIA moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, safari ya karibu saa 15. Kiti cha tisa hakikushuka kutoka mbinguni. Kilikatwa kutoka kwa wale wanane.

Kwa hivyo mtu aliyekaa karibu na abiria mnene, ambaye amebanwa saa tano akiwa amejikunja kama kifungo cha koti, ana haki kabisa ya kulalamika. Simchekei. Amelipia inchi 17 na amepewa 13. Ila aliyemuuzia inchi 17 ni nani? Mnene hakumuuzia kitu. Wote wawili wamenunua bidhaa moja kutoka duka moja, na duka lilijua wanunuzi wake wana miili ya aina gani kabla ya kukata vitambaa.

Kinachoniudhi zaidi ya bei ni nani anaamua na anaamua lini. Februari 2010 Southwest hiyo hiyo ilimteremsha mwongozaji filamu Kevin Smith kwenye ndege ya kutoka Oakland kwenda Burbank. Yeye kwa kawaida hununua viti viwili. Siku hiyo alitaka kuwahi safari ya mapema, ikawa imebaki nafasi moja, akakaa. Alisema viegemeo vyote viwili vilishuka bila shida. Akateremshwa mbele ya watu. Akaingia Twitter akawasha moto, shirika likaomba radhi. Lakini Kevin Smith ana mashabiki. Sasa mfikirie mamako.

Ndiyo, mamako. Dallas imejaa Wakenya, na kila mwaka kuna mama anayetoka Kiambu au Kisii kwenda kumsaidia binti aliyejifungua. Tiketi imechangiwa na familia nzima kwenye kikundi cha WhatsApp. Anafika Marekani, anaunganisha ndege ya ndani, na kijana wa kaunta anamwangalia kuanzia juu hadi chini. Kiti cha pili cha siku ile ile kinaweza kuwa na bei ya kutisha kuliko ulivyopanga. Hana kadi ya benki, Kiingereza cha haraka-haraka cha kule kinampita, na watu mia moja wako nyuma yake kwenye foleni. Wakati wa kwenda mfanyakazi mmoja anaweza kumruhusu na kiti kimoja, na wakati wa kurudi mwingine akamkatalia, kwa sababu macho ya watu hayalingani. American wao wana kipimo kilichoandikwa, kwamba mwili usipite kiegemeo kwa zaidi ya inchi 1 huku ukihitaji mkanda wa nyongeza. Hata hapo, ni nani anayetoa rula?

Kuna nchi iliyojibu swali hili zamani. Januari 2008 mamlaka ya usafiri ya Canada iliamuru kwamba mtu mmoja alipe nauli moja. Abiria mwenye ulemavu anayehitaji kiti cha ziada, pamoja na yule ambaye unene wake umefikia kiwango cha ulemavu, asitozwe cha pili kwenye safari za ndani ya nchi. Mashirika yalilia kwamba huo ni mzigo mzito mno kwao. Mamlaka ikapiga hesabu: kwa Air Canada gharama hiyo ni kama senti 77 kwa kila tiketi, kwa WestJet senti 44. Senti, si dola. Mashirika yalikimbilia Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo ikakataa kusikiza rufaa. Sheria hiyo ina masharti yake: lazima ulete fomu ya daktari, na ukivuka mpaka haikulindi. Lakini ilisema kitu wazi, kwamba unachonunua ni safari ya kufika, na kiti ni kifaa tu cha kukufikisha.

Marekani yenyewe ilijaribu kwa upande mwingine. Oktoba 2018 Bunge lilipitisha sheria kuiagiza mamlaka ya ndege, FAA, iweke ndani ya mwaka mmoja kipimo cha chini kabisa cha upana wa kiti na nafasi ya magoti. Mwaka ukaisha bila kipimo. FAA ilifanya majaribio ya watu kutoka haraka kwenye ndege, ikitumia watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 60. Hakukuwa na mtoto wala mzee. Mwaka wa 2022 ikauliza maoni ya umma, ikapata zaidi ya 26,000.

Sisi huku tunapenda kujiona tuko nyuma kwa kila kitu, lakini hili swali tulishawahi kulijibu kwa upande wa barabara. Kabla ya 2004, mathree ya Nissan ilikuwa inabeba watu wangapi? Waulize wazazi wako, watakuambia walivyokaliwa mapajani na wageni. Kanuni za Michuki zikaanza kutekelezwa, gari likawa na abiria 14 na kila mmoja na mkanda wake. Marehemu Michuki hakuwaambia abiria wapunguze mwili. Aliwaambia wenye magari wapunguze viti. Nauli ilipanda, watu walinung'unika, gari zikatembea. Ni kweli makanga bado atamwambia mathe mmoja mnene alipe za wawili, na sambaza ilirudi polisi walipochoka, lakini namba imeandikwa ubavuni mwa gari na kila mtu anajua nani amevunja sheria. Kwenye ndege, anayepunguza nafasi havunji chochote.

Mpaka hilo libadilike, ukimkatia mamako tiketi, au ukijikatia mwenyewe, soma sheria ya kila shirika litakalombeba, hasa lile la mwisho la ndani, kwa sababu la kwanza likikubali halimfungi la pili. Ikiwa atahitaji kiti cha ziada, kinunue kwa booking ile ile, na uhakikishe kwenye tiketi kumeandikwa EXST, ambayo ni alama ya kiti cha ziada. Bila hiyo wanaweza kudhani kuna abiria wa pili ambaye hakutokea, na kiti kikapewa mtu mwingine. Hakikisha namba za viti viwili zimefuatana. Sheria ya kurudishiwa pesa ipige picha ya skrini siku unayonunua, maana kurasa hizi hubadilishwa. Na mkanda wa nyongeza usiununue mtandaoni, hata ukiuona kwa bei poa. Mashirika mengi hayakubali abiria aje na wake. Aingie kwenye ndege, amwambie mhudumu pale mlangoni, ataletewa. Hautozwi.